Vifaa vya kuchora na kupaka rangi, vya mkono na vya kidijitali: mwongozo kamili kwa mchoraji wa Bagamoyo

Mchoraji anayeanza hapa Bagamoyo mara nyingi hupanda basi hadi Dar, akarudi na boksi la rangi 36, brashi kumi za bei ya chee na daftari la karatasi nyepesi. Haupiti mwezi karatasi imejikunja, brashi zimenyonyoka, na rangi 30 kati ya zile 36 hazijaguswa. Kisha anajilaumu kwamba hana kipaji, wakati pesa ndiyo iliyogawanywa vibaya. Mimi nashauri hivi: pesa kubwa iende kwanza kwenye kitu unachochorea juu yake, halafu rangi chache zenye nguvu, halafu brashi mbili au tatu. Mengine yasubiri. Kwa anayechora kidijitali, kalamu na kibao vitangulie, programu ije mwisho, maana programu nzuri za bure zipo.

Na jambo moja la mwambao. Maelezo mengi ya vifaa vya sanaa yaliandikwa na watu wa nchi za baridi na nyumba kavu. Sisi tuna unyevu, chumvi ya bahari, jua la saa saba mchana na umeme unaokatika. Ndiyo maana baadhi ya ushauri humu hautafanana na ule uliouzoea.

Hatua ya kwanza: andika utachora nini na kazi itakaa wapi

Sentensi moja inatosha. "Nitachora milango na kuta za Mji Mkongwe kwa penseli na rangi ya maji, nikiwa nimesimama barabarani." Au, "Nitauza picha kwa wageni, lazima ziingie kwenye begi." Au, "Natengeneza majalada ya vitabu na michoro ya fulana." Hizo ni orodha tatu tofauti za manunuzi. Ukizichanganya kwa mkupuo mmoja, hakuna hata moja itakayokamilika.

Anayekwenda kuchora Caravan Serai au magofu ya Kaole anahitaji vitu vinavyoenea kwenye mkoba mmoja na ambavyo havitapeperushwa na upepo wa kusi. Anayeuza kwa wageni anahitaji kitambaa kinachoviringishika, maana fremu haipandi ndege kirahisi. Picha itakayoning'inia sebuleni mbele ya dirisha inataka rangi zisizopauka, lakini mchoro wa mazoezi hauna haja hiyo. Mwanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, anayejaza daftari kila wiki akinunua rangi za bei ya juu kabisa, ataogopa kuzitumia, na woga huo utamgharimu kuliko bei yenyewe.

Hatua ya pili: karatasi, ubao au kitambaa

Karatasi hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Karatasi ya fotokopi ni gramu 80. Inafaa sana kwa mazoezi ya penseli, na ningependa kila anayeanza anunue rimu nzima, karatasi 500, ili asione uchungu kuharibu. Maji yakiigusa tu, imekwisha. Karatasi ya kuchorea ya gramu 120 hadi 160 hubeba penseli, mkaa, wino na rangi nyepesi. Rangi ya maji inataka gramu 300. Ya gramu 190 au 200 itavumilia ukiibandika kwenye ubao kwa tepu ya karatasi, ile wanayotumia mafundi rangi, pande zote nne, na uiache humo hadi ikauke kabisa.

Manila inapatikana kila steshenari, hata zile ndogo za karibu na shule. Ni nzuri kwa mkaa, pasteli na mabango. Kwa picha ya kuuza siishauri, kwa sababu nyingi hugeuka njano na kukakamaa baada ya muda. Ukitaka kazi idumu, tafuta karatasi iliyoandikwa kwamba haina asidi.

Ukifika kwenye karatasi ya rangi ya maji utakutana na aina mbili: ya pamba na ya massa ya mbao, yaani mbao iliyosagwa. Kwenye ya pamba rangi husambaa taratibu, na unaweza kuinyanyua kwa brashi yenye maji au kupaka tabaka la tatu bila karatasi kuchubuka. Kwenye ya massa ya mbao rangi hukaa juu na kukauka ikiacha kingo kali. Bei zao zimeachana sana, lakini kuna njia ya kupunguza makali: nunua shiti moja kubwa ya pamba, ile ya sentimita 56 kwa 76, uikate vipande vinane vya sentimita 19 kwa 28. Utapata karatasi nane za saizi ya kubebeka, kwa kawaida kwa pesa pungufu ya daftari lililofungwa la ubora huo huo.

Kabla ya kununua nyingi, jaribu kipande. Dondosha tone la maji. Likibaki juu kwa muda kisha likazama polepole, karatasi ina gundi ya kutosha ndani yake. Likinyonywa papo hapo na doa likatokea upande wa pili, rangi yako nayo itanyonywa hivyo hivyo. Wa pwani wana sababu ya ziada ya kufanya jaribio hili: karatasi iliyokaa dukani au nyumbani kwenye unyevu misimu kadhaa hupoteza gundi hiyo kwa mabaka, hata kama ilikuwa ya bei kali. Ukipaka anga, madoa meusi meusi yanajitokeza pasipotarajiwa.

Sasa ubao. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia vipande vya hadibodi na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo uliobeba jina lake bado unalisha familia nyingi. Vifaa vyake havikuwa vya duka la sanaa, na hadibodi hadi leo ni uso bora kwa akriliki (rangi inayoyeyushwa kwa maji lakini ikikauka haiyeyuki tena) na rangi ya mafuta. Mwombe seremala akukatie mabaki, sentimita 40 kwa 60 au hata 30 kwa 30. Piga msasa kidogo upande laini, futa vumbi, kisha paka geso, yaani rangi nyeupe ya kutangulizia, tabaka mbili au tatu, ukisubiri kila moja ikauke. Paka pia mgongo na kingo. Watu wengi huruka hatua hii, halafu masika yanapoingia upande usiopakwa unanyonya unyevu na ubao unapinda kama ubale wa nazi.

Kitambaa kinachofaa tunacho: amerikani, ile pamba isiyotiwa rangi iliyouzwa pwani hii tangu enzi za misafara. Chagua iliyofumwa kwa kubana. Inyanyue kuelekea mwanga, na ukiona matundu mengi iache. Ifue kwanza ili isinyae kabla hujaiwamba, ikauke, kisha uivute kwenye fremu ya mbao nyepesi iliyokauka. Anza kupigilia katikati ya kila upande na umalizie pembeni.

Geso ina kazi mbili: inaipa rangi mahali pa kushika, na inaizuia rangi ya mafuta isifike kwenye nyuzi, kwa kuwa mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi hiyo yakikaa ndani ya pamba huifanya iwe kavu na kukatika. Geso ikikosekana, watu hutumia rangi nyeupe ya ukutani. Kwa mazoezi ya akriliki sioni ubaya. Kwa picha unayomuuzia mtu, hapana: rangi ya ukuta haikutengenezwa kuviringishwa, nayo hupasuka.

Penseli, mkaa na wino

Hapa usitumie pesa nyingi. HB, 2B na 6B zinatosha mwaka mzima. Kadiri namba ya B inavyopanda ndivyo risasi inavyokuwa laini na nyeusi. Za H ni ngumu na hukwaruza karatasi. Ukiichonga penseli na ncha ikaanguka kila mara, risasi imevunjika ndani, na kichongeo kipya hakitaitibu.

Mkaa wa jikoni haufai, ni mgumu na umechanganyika. Tengeneza wako: chukua vijiti vikavu vilivyonyooka, vya unene wa penseli na visivyo na utomvu, vimenye maganda, vipange kwenye kopo la bati lenye kifuniko. Toboa tundu moja dogo kwenye kifuniko na uliweke kopo kwenye moto wa kuni, nje. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, ondoa kopo na uliache lipoe kabisa bila kufungua. Ukifungua mapema hewa itaingia na vijiti vitageuka majivu.

Kalamu ya wino ya kawaida inachora vizuri ajabu, ila wino wake hupauka kwenye mwanga, kwa hiyo ibaki daftarini. Ukikusudia kupaka rangi ya maji juu ya mistari, chora mstari, subiri dakika tano, pitisha brashi yenye maji. Wino ukitoka, kalamu hiyo si ya kazi hiyo.

Hatua ya tatu: soma mgongo wa tyubu ya rangi

Kilichoandikwa mbele ni jina la biashara. Ukweli uko nyuma, kwa maandishi madogo: herufi na namba za unga wa rangi wenyewe. PB29 ni bluu ya ultramarini. PB15 ni bluu ya fthalo. PW6 ni nyeupe ya titani. PBr7 ni kahawia za udongo, zikiwemo sienna na amba. Namba hizi zinatumika dunia nzima, kwa hiyo tyubu mbili zenye majina tofauti na namba moja zina unga wa jamii moja, na tyubu mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na unga tofauti kabisa. Ukiona namba tatu au nne kwenye tyubu moja, huo ni mchanganyiko uliofanywa kiwandani. Ukiuchanganya tena na nyingine utapata tope. Ukikuta neno "hue" baada ya jina, ujue unga wa asili umebadilishwa na mwingine, aghalabu wa bei nafuu. Wakati mwingine badala hiyo ni nzuri tu, lakini ujue unanunua nini.

Tafuta pia alama ya ustahimilivu wa mwanga. Wengine huandika I, II, III, ambapo I ndiyo bora. Wengine huweka nyota. Nyekundu ya alizarini halisi, PR83, inajulikana kwa kupauka, na kwa jua letu siigusi kwa kazi ya kuuza. PV19 ya waridi inachukua nafasi yake vizuri. Tyubu isiyo na namba wala alama yoyote ni ya mazoezi na ya watoto. Ukiitilia shaka, ijaribu: paka mstari mpana kwenye karatasi, ufunike nusu yake kwa foili, uubandike dirishani kwa miezi mitatu. Dirisha la Bagamoyo halina huruma, litakupa jibu.

Kwenye maduka kuna daraja la mwanafunzi na daraja la msanii. Tofauti yake ni kiasi cha unga wa rangi dhidi ya kijazo. Tyubu sita za daraja zuri hushinda boksi la rangi 36 kila siku, kwa sababu unajifunza kuchanganya. Seti yangu ya kuanzia ni hii: njano ya limau PY3, waridi PV19, ultramarini PB29, fthalo PB15:3, sienna iliyochomwa PBr7, na nyeupe ya titani PW6. Nyeupe iache kama unatumia rangi ya maji. Mwanga hapo ni weupe wa karatasi yenyewe.

Kwa nini hizo? Kwa sababu ya mji huu. Ultramarini ikichanganywa na sienna iliyochomwa hutoa kijivu cha kila aina: ukizidisha bluu unapata kivuli baridi cha ukuta wa mawe ya matumbawe, ukizidisha sienna unapata chokaa iliyoliwa na mvua kwenye kuta za nyuma ya Boma. Fthalo na njano ya limau hutoa kijani cha maji ya kina kifupi na cha minazi michanga, na ukiitia sienna kidogo inakuwa mikoko. Fthalo ina nguvu sana, igusishe ncha ya brashi tu. Nyeusi ya tyubu hutaihitaji kwa muda mrefu.

Hatua ya nne: rangi ya maji, akriliki, ya mafuta, au ya kopo?

Dukani taja matumizi. Ukisema tu, "Kaka, naomba rangi ya mafuta," ataleta kopo la kupakia milango. Na ukiomba rangi ya maji utaletewa ndoo ya ukuta. Sema, "Ya kuchorea picha, ya kwenye tyubu."

Rangi ya maji ni unga uliofungwa kwa gundi ya mgunga. Ni nyepesi kubeba, haina harufu, na hukauka haraka. Nje saa sita mchana hukauka haraka mno: anga unayoipaka inashika mistari kabla hujafika upande wa pili. Chora asubuhi kabla ya saa tatu au jioni baada ya saa kumi, kaa kivulini, na ulowanishe karatasi kwanza. Wakati wa masika hali hugeuka, karatasi haikauki na ukungu huingia kwenye vidonge vya rangi. Acha boksi wazi hadi likauke kabla ya kulifunga.

Akriliki ndiyo ninayowashauri wengi. Inapakwa kwenye karatasi nene, hadibodi na kitambaa, inayeyushwa kwa maji, na ikikauka haiyeyuki tena. Shida yake kwetu ni kasi. Rangi inakauka kwenye paleti, kibao cha kuchanganyia, ukiwa bado unafikiria. Dawa yake ni kontena la plastiki la chakula lenye kifuniko: tandika taulo la karatasi lililolowa chini, juu yake karatasi ya kuokea, weka rangi hapo. Ukifunga, inabaki mbichi hadi siku ya pili na zaidi. Shida nyingine haisemwi sana: akriliki iliyokauka hulainika kwenye joto. Ukizipanga picha zikitazamana ndani ya chumba chenye bati, zinagandana, na ukizitenganisha rangi inachunika. Weka karatasi ya kuokea kati ya kila mbili. Ukiviringisha, upande wa rangi uwe nje.

Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kutoka. Mafuta ya kitani huungana na oksijeni ya hewa na kugeuka kuwa utando mgumu. Tabaka jembamba huchukua siku kadhaa, nene miezi. Kwa hiyo mafuta si ya mtu anayetaka kuuza Jumamosi. Tabaka za chini ziwe na mafuta kidogo na za juu ziwe na mengi zaidi, vinginevyo za juu zitapasuka. Vanishi ya mwisho isubiri miezi sita au zaidi. Na hili lisomwe mara mbili: tambara lililolowa mafuta ya kitani likikunjwa na kutupwa kwenye kona huzalisha joto lenyewe na linaweza kuwaka bila kiberiti. Litandaze nje likauke likiwa limenyooka, au liweke kwenye kopo la bati lenye maji na kifuniko. Tapentaini nayo itumie penye hewa, na kamwe usiiweke kwenye chupa ya soda au ya maji.

Rangi ya kopo, ile ya kung'aa ya Tingatinga, ni nafuu, inapatikana kila mahali na rangi zake zina ukali wa kupendeza kwa ndege na samaki. Chagua kopo lililoandikwa kwamba halina madini ya risasi, fungua madirisha, na usitegemee itachanganyika kwa upole kama ya tyubu. Inapendeza ikipakwa bapa, rangi pembeni ya rangi.

Kwa watoto, rangi ya bango ya maji na brashi nene. Unga wa rangi wa kadimiamu na kobalti, metali zenye sumu, usiwakaribie. Hata wewe mwenyewe usile ukiwa unapaka wala usipige msasa picha yenye rangi hizo.

Brashi

Tatu zinatosha: ya duara namba 8 hivi, ya bapa ya sentimita mbili, na nyembamba ya mistari. Namba hazilingani kati ya watengenezaji, kwa hiyo tazama ukubwa kwa macho. Nywele za sanisi, zile za kiwandani, zinafaa rangi ya maji na akriliki. Nywele ngumu za nguruwe zinafaa rangi ya mafuta nzito, na anayekwazika nazo apate sanisi ngumu. Bonyeza ncha kwa kidole: irudi ilivyokuwa. Vuta nywele kidogo: zikitoka mbili tatu mkononi, rudisha. Ile brashi ya bei ya chini ya kupakia ukuta ni nzuri kwa geso, na hapo ndipo mwisho wake. Osha kwa sabuni ya mche kila unapomaliza, ikaushe ikiwa imelala, usiiache imesimama kichwa chini ndani ya kikombe. Akriliki ikikaukia ndani ya kibati kinachoshika nywele, brashi imekufa.

Hatua ya tano: kuchora kidijitali

Jiulize una nini tayari. Mwenye simu tu anaweza kuanza leo na ibisPaint, ambayo ina toleo la bure, kwa kidole au kwa ile kalamu yenye ncha ya mpira. Atambue tu kwamba kalamu hiyo ni kidole kirefu. Simu haijui kama umegandamiza au umegusa kwa wepesi, kwa hiyo mstari hauneni wala haukondi kwa mkono wako.

Mwenye kompyuta anunue kibao cha kuchorea kisicho na kioo. Unachora mezani ukitazama skrini. Siku za kwanza mkono unapotea, kisha unazoea. Wacom, Huion na XP-Pen wote wana vibao vya bei ya kuanzia, na kalamu za vingi kati yake hazitumii betri. Saizi ya kati, yenye eneo la kuchorea la inchi 10 kwa 6 hivi, ndiyo inayonipendeza: ndogo zaidi inakulazimisha kuchora kwa kiganja tu, kubwa zaidi inakula meza. Idadi ya ngazi za mgandamizo inayoandikwa kwenye boksi isikuhadae. Kati ya 4096 na 8192 mkono wa mwanadamu hauoni tofauti. Kilicho muhimu ni dreva (programu inayokiunganisha kibao na kompyuta) inayoelewana na mfumo wa kompyuta yako, ncha za akiba ndani ya boksi, na kama utaunganisha simu, uthibitisho wa maandishi kwamba modeli hiyo inakubali Android. Baadhi hukubali, si vyote.

Kibao chenye kioo ni kitamu, lakini kinataka kompyuta, nyaya na umeme wa uhakika. Kwa mtu wa Bagamoyo anayelala na kuamka na umeme unaokatika, ningependelea tableti inayojitegemea kwa betri.

Kwenye tableti ndiko watu wanakoliwa. Kila tableti inakubali kidole. Chache zinasoma kalamu yenye mgandamizo. Tableti nyingi za mfululizo wa Samsung Galaxy Tab S, ikiwemo Tab S6 Lite, hutumia S Pen, kalamu ya Samsung yenye mgandamizo. Tab A8 na A9 hazisomi kalamu hiyo, hata muuzaji akikuapia. Upande wa iPad, si kila Apple Pencil inafanya kazi na kila modeli, na ile ya USB-C haina mgandamizo kabisa, jambo ambalo mchoraji hulijua akiwa ameshalipa. Ukinunua iliyotumika, kalamu iwe mkononi mwako siku hiyo hiyo. Ahadi ya "kalamu nitakutafutia, dada" isikutoe pesa.

Ukiwa dukani fanya hivi. Chora mistari ya mshazari polepole sana kwa rula. Ikitetemeka kama mawimbi, acha. Gusa kwa wepesi kabisa uone kama kalamu inaitika. Chora kwenye kona zote nne. Kisha angalia RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi: GB 4 itakuruhusu kujifunza, GB 8 itakuruhusu kufanya kazi kubwa yenye leya (tabaka za mchoro) nyingi.

Ukubwa wa faili upange kwanza, kwa sababu hauongezeki baadaye bila kuharibu. Kwa kuchapa, pikseli (nukta za picha) 300 kwa inchi ndiyo kipimo cha kawaida: A4 ni pikseli 2480 kwa 3508, A3 ni 3508 kwa 4961. Kijani na bluu kali za skrini hufifia zikichapwa, kwa sababu mashine inatumia wino wa rangi nne na skrini inatumia mwanga. Kabla ya kuchapa nakala hamsini za kuuza, lipia moja, itazame nje juani.

Programu: Krita ni ya bure, imetengenezwa kwa ajili ya wachoraji, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux, Mac na tableti za Android. Procreate ni ya iPad pekee, unalipa mara moja. Programu za kulipia kila mwezi ziache hadi mteja akulazimishe, na zile zilizovunjwa za kwenye flashi usiziweke kwenye mashine iliyobeba kazi za watu; virusi vyake havichagui. Washa uhifadhi wa kiotomatiki, nakili kazi kwenye sehemu mbili tofauti, moja iwe nje ya nyumba.

Ufukweni mchana kioo hugeuka kioo cha kujitazama, na Apple wenyewe wanasema iPad itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35. Kwa hiyo bandarini chukua daftari, piga picha mchoro wako kivulini, umalizie nyumbani kwa kalamu ya kidijitali.

Hatua ya sita: gawa pesa, kisha nenda dukani

Kwa vifaa vya mkono, ukiwa na bajeti yoyote, nusu iende kwenye karatasi au ubao na geso, theluthi kwenye rangi, kinachobaki kwenye brashi na penseli. Kwa kidijitali, karibu yote iende kwenye kibao au tableti na kalamu yake. Bakiza ya kasha na ncha za akiba.

Penseli, manila, rangi za bango, hadibodi, amerikani na msasa vipo hapa hapa mjini. Tyubu zenye namba na karatasi ya pamba huenda ukahitaji kuzifuata Dar, kama kilomita 70, basi moja hadi kituo cha Makumbusho. Nenda na orodha iliyoandikwa, pamoja na kipande cha karatasi cha kujaribia. Tyubu ikiwa ngumu ukiibonyeza, au kifuniko kimeganda, imekaa rafuni muda mrefu, omba nyingine. Ukiagiza nje, uliza jumla ya usafiri na ushuru kabla ya kulipia, kwa sababu kibao cha bei rahisi kinaweza kufika kikiwa ghali kuliko cha dukani.

Vikifika nyumbani, karatasi ilale bapa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, juu ya kabati, mbali na ukuta wa nje. Vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe. Weka vitatu vinne kwenye mfuko wa karatasi na vingine kwenye mkoba wa tableti, uvibadilishe masika yakiingia. Tableti uliyotoka nayo ufukweni ifute kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu, bila kuingiza maji kwenye tundu la chaji, kabla hujaiunganisha na umeme.